Aliyewachagulia Wageni Njia

Mwalimu Peng na mkewe walirudi kutoka matembezini alasiri, wakavua viatu mlangoni, na jambo la kwanza alilolifanya mwalimu lilikuwa kumshukuru Pi-yun. Alishukuru kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama mtu aliyepokea zawadi.

"Dada, ile njia ya reli ni ya ajabu," alisema. "Nimepanda milima tangu ujana wangu, sijapata kuona ziwa limelala vile chini ya miguu yangu."

Pi-yun alikuwa na kapu la vitunguu vya majani mkononi. Akaliweka chini.

"Njia ipi ya reli, Mwalimu?"

"Ile ya kubebea magogo. Ya zamani."

Asubuhi ya siku hiyo Pi-yun aliketi mezani na wawili hao, kama alivyoketi na kila mgeni aliyelala nyumbani kwao pale Ziwa Yunkeng, akawauliza magoti yao yana hali gani, wanaogopa mahali pa juu au hawaogopi, wanapenda kuona maji au kuona mawingu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliijua. Anayetaka tambarare alimpa njia ya mbao inayopita ukingo wa kusini wa ziwa. Mwenye pumzi alimpandisha mgongo wa mlima, akaone mawingu yametanda chini yake kama pamba. Mke wa mwalimu alikuwa na goti bovu, kwa hiyo Pi-yun aliwachagulia maporomoko ya maji, waende na kurudi polepole chini ya mierezi. Njia ya reli hakuwa akimtajia mtu. Tufani iliing'oa miaka mingi iliyopita, nusu yake ikaporomokea bondeni, na mwanzo wake ukafungwa kwa waya.

"Lakini mimi niliwaambia maporomoko," alisema.

"Ndiyo, ila mama mkwe wako alitubadilishia pale getini," mke wa mwalimu alijibu. Alikuwa anatabasamu, na macho yake yalikuwa yamefunguka mno, kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. "Akasema maporomoko yana watu wengi leo. Akatutangulia mwenyewe. Mkarimu yule mama, hata chakula cha mchana alitupa. Wali wa kufungwa kwa majani ya mwanzi, na nyama ndani. Mtamu."

Jioni ile hawakula. Walisema bado wameshiba.

Sasa, A-Hao, mama mkwe wa Pi-yun, alikuwa mwanamke wa sifa nyingi, ila ukarimu kwa wageni haukuwa mojawapo. Yeye na marehemu mumewe ndio walioijenga nyumba ile, na kabla Pi-yun hajaolewa ndiye aliyekuwa akikaa pale mezani kuwachagulia watu njia. Kiti kile alimwachia mkwe wake shingo upande, baada ya ulimi wake kuanza kuwafukuza wageni. Bwana mmoja mnene alipotaka kupanda mgongo wa mlima, A-Hao alimwambia, "Kwa tumbo hilo, zunguka gari lako kwanza tuone." Tangu alipokiacha kiti, hakuna jambo la Pi-yun lililompendeza. Chai ilikuwa nyepesi. Mashuka yalikuwa na makunyanzi. Supu kila siku ilikuwa na kasoro yake.

Kwa hiyo Pi-yun hakujiuliza mara mbili. Alimfuata shambani nyuma ya nyumba, akamkuta ameinama katikati ya kabichi, amevaa kofia yake pana iliyofungwa kitambaa cha maua.

"Mama, ukitaka kiti chako si uniambie tu."

"Kiti gani?"

"Umewapeleka wale walimu kwenye reli. Mtu ana goti bovu. Wangeanguka je?"

A-Hao alinyoosha mgongo taratibu, mkono mmoja kiunoni. "Mimi sijatoka hapa tangu asubuhi. Haya magugu unadhani kayang'oa nani, bibi yako?"

"Wamekuona getini."

"Getini ulikuwepo wewe," A-Hao alisema. "Nimekuona kwa macho yangu haya. Umesimama nao, umevaa koti la mvua la njano, na jua linawaka. Nikasema moyoni, kweli huyu mtoto wa mjini."

Pi-yun hakuwa na koti la njano. Wageni walipotoka, yeye alikuwa jikoni.

Walipompelekea kesi Kun-te, mume wa Pi-yun, alikuwa amelala chini ya pampu ya maji na spana mkononi, akacheka. "Mmoja anahitaji miwani, mwingine anahitaji usingizi," alisema. Baadaye, akiwa na mkewe peke yao, alimwambia kwa sauti ya chini, "Mvumilie. Mama anazeeka. Bibi naye alianza hivihivi." Na Pi-yun alikuja kujua siku nyingi baadaye kwamba jioni ileile Kun-te alimwambia mama yake, "Mvumilie. Pi-yun amechoka, kichwa kinamzunguka." Basi kila mwanamke akalala akiamini kwamba yeye ndiye aliyesadikiwa.

Kulipokucha, mke wa mwalimu alitapika kwenye sinki la bafuni.

Pi-yun aliitwa akasafishe. Alidhani atakuta wali. Alikuta tope jeusi, laini, la kutoka chini ya mti uliooza, na ndani ya tope kulikuwa na miguu ya panzi, na mabawa ya panzi, na kichwa kimoja kizima kikimtazama. Bafu lote lilinuka kama shimo ambalo jua halijawahi kuingia. Mwalimu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anajipapasa meno kwa ulimi. Waliondoka bila kunywa hata chai.

A-Hao alikuja kusimama mlangoni mwa bafu. Alitazama kwenye sinki, na kwa mara ya kwanza tangu Pi-yun aingie nyumba ile, hakuwa na cha kukosoa. Alifungua bomba hadi mwisho.

"Hawa wamelishwa," alinong'ona.

"Na nani?"

"Si humu ndani." Alimvuta mkwe wake mpaka uani, akatazama nyuma, akatazama kando. "Mlima una wenyewe. Wadogowadogo, wanapenda kumchezea mtu. Anakuja kwa sura ya yule unayemwamini, anakupeleka karamuni, unakula unashiba, kumbe unakula tope. Shangazi yangu walimkuta juu ya vilele vya mianzi, wala hajui alivyopanda, anacheka tu na mdomo umejaa panzi."

"Jini, Mama?"

"Sijakwambia ulitaje."

Pi-yun naye akatazama nyuma. Lakini alipokuwa akianika taulo aliyafikiria tena maneno yale, na wazo jingine likamwingia kama mwiba. Bibi anayekitaka kiti chake angesema hadithi gani kama si hiyo? Na nani anayejua zaidi mahali pa kuokota panzi, kama si mtu anayeshinda shambani?

Toka siku hiyo nyumba ikaota macho. Pi-yun akiwa mezani na wageni alisogeza kiti mpaka aone geti. A-Hao akiwa kwenye kabichi alijiinua kila mara aone dirisha la jikoni. Na katikati ya macho hayo manne mambo yaliendelea kutokea: nyayo zenye maji ukumbini siku ya jua, ndogo kama za mtoto, harufu ya mti uliooza iliyokuja bila upepo ikaondoka bila upepo, na nyuma ya ukuta wa jikoni, sauti kavu ya kutafuna, taratibu, kama mbuzi anayekula majani makavu, ila wao hawakufuga mbuzi.

Kisha walikuja wasichana watatu kutoka Taichung, wachangamfu, wamemaliza chuo mwaka ule. Pi-yun aliwachagulia njia ya mbao, rahisi kuliko zote, na hakuishia hapo. Aliwatoa mwenyewe getini, akasimama mpaka alipowaona wanakata kona kuelekea kusini. Akarudi, akashinda uani anaanika mashuka. Mama mkwe wake alikuwa shambani muda wote, anamwona.

Wasichana walirudi alasiri na suruali zilizochanika, wanacheka, kucha zao nyeusi kwa udongo.

"Dada, wewe unatembea mbio hivyo umejifunza wapi?" mmoja alimwambia. "Tunakuita, hugeuki. Mpaka kule relini hugeuki."

"Mimi sikwenda popote," Pi-yun alisema.

Wakacheka zaidi, wakidhani ni utani.

Pi-yun alikwenda shambani. "Mama, umeniona leo. Sema kweli. Umeniona naanika mashuka mchana kutwa."

"Nimekuona."

"Na mimi nimekuona wewe hapa. Basi si mimi, na si wewe."

A-Hao hakumkaribia. Alikuwa ameshika jembe dogo la palizi kwa mikono yote miwili. "Nimeona mtu anaanika mashuka," alisema. "Nitajuaje kwamba alikuwa ni wewe? Na huyu anayenisemesha sasa hivi, nitajuaje?"

Pi-yun alikuwa na swali lilelile, na alirudi nalo ndani akitembea kinyumenyume.

Kun-te hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa pampu na spana. Aliwaona mama yake na mkewe hawapeani tena mgongo, wanakula kila mmoja ameshika bakuli lake karibu na kifua, akaamua. Alisema mama akapumzike kwa binti yake, mjini Luodong, kuna hospitali karibu, kuna wajukuu. A-Hao alisikiliza, akaweka vijiti vyake juu ya bakuli, akatoka. Hakubisha. Mtu aliyebishania hata mkunjo wa shuka hakubisha juu ya nyumba yake.

Asubuhi iliyofuata Kun-te aliteremka mjini akapange mambo na dada yake. Nyumbani hapakuwa na mgeni. Ukungu ulipanda kutoka ziwani, ukafunika mierezi, ukafunika geti, ukaja mpaka kwenye madirisha.

Pi-yun alikuwa anapika supu ya figili na mbavu. Alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. A-Hao akaingia, kofia kichwani, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko, akaweka mikono magotini.

"Baridi," alisema.

Pi-yun alimchotea bakuli. Alimwonea huruma kidogo, kwa ajili ya Luodong. A-Hao alilishika bakuli, akalipeleka mdomoni, akalishusha.

"Supu yako tamu, mwanangu."

Kijiko cha Pi-yun kilisimama ndani ya sufuria.

Alitaka kufurahi, na kwa kitambo kidogo alifurahi kweli, maana hilo ndilo neno alilolingoja tangu siku ya kwanza alipowasha jiko lile, lakini furaha ilipofika kifuani haikupata pa kukaa, kwa sababu A-Hao hakuwahi kumwita mwanangu, hata siku ya harusi, hata siku alipougua, na macho yake yalipokwenda yenyewe mlangoni kutafuta kitu cha kushika aliona kwamba viatu vya shambani vya mama mkwe havipo mahali pake, na fimbo yake ya kutembelea haipo, ilhali miguu iliyokaa pale kwenye kigoda ilikuwa mitupu, na chini yake dimbwi dogo la maji lilikuwa linatanuka kimya kimya kuelekea kwenye miguu ya Pi-yun.

"Chumvi imetosha, Mama?" aliuliza. Sauti yake aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Imetosha kabisa. Kila unachokipika ni kitamu." Uso chini ya kofia ulitabasamu. "Sisi wawili tumegombana sana bure. Ukungu ukipungua njoo tutembee. Mimi nitakuchagulia njia nzuri."

Chini ya maneno yale, kana kwamba koo moja lilitoa sauti mbili, Pi-yun aliisikia ile sauti kavu ya kutafuna, na supu ndani ya bakuli haikuwa imepungua hata tone, na harufu ya mti uliooza ilikuwa imeshaifunika harufu ya nyama na tangawizi na kila kitu cha kibinadamu kilichokuwa jikoni mle, naye akajiambia usikimbie, usigeuke, usiseme hapana, sema ndiyo Mama, akasema, "Ndiyo, Mama, ngoja nichukue koti," huku mkono wake ukipanda taratibu kwenye rafu iliyo juu ya jiko, palipowekwa fataki za sikukuu ya Mungu wa Ardhi, ukalipata fundo lake, ukalishusha mpaka kwenye moto, na utambi ulipoanza kulia fss, kile kilichokuwa kigodani kiliacha kutabasamu.

Alizitupa chini ya kigoda. Jiko likajaa milio na moshi mwekundu. Moshi ulipopungua kigoda kilikuwa kimepinduka, sakafu imetapakaa majani yaliyooza, na ndani ya bakuli la supu panzi mzima, wa kijani, alikuwa anaogelea.

Akakimbilia shambani. Hapakuwa na mtu. Kwenye udongo laini kati ya kabichi palikuwa na nyayo za viatu vya A-Hao zinazokwenda getini, na kando yake, sambamba kama za watu wanaoongozana kwa mazungumzo, nyayo ndogo zisizo na viatu.

Pi-yun alipompigia simu, Kun-te alirudi na gari kwa kasi ambayo barabara ile haivumilii. Njiani alimpakia Mzee Huo-wang. Huyu siku za kawaida alitengeneza pikipiki ng'ambo ya ziwa, lakini ndiye pia aliyetunza hekalu dogo la Mungu wa Ardhi, na mtoto akishtuka asilale, au mtu akipotea mlimani, aliitwa yeye. Alishuka na upatu begani na fataki shingoni. Hakuuliza maswali mengi.

"Jina kamili la bibi mtu asilitaje huko juu," alisema. "Na mkimwona, msimkimbilie."

Walivuka waya uliofunga njia ya reli. Kun-te alitangulia, hacheki tena. Huo-wang alipiga upatu, akaacha mlio ufe, akapiga tena, nao walitembea juu ya mataruma, zile mbao zinazobeba reli, yaliyooza, ukungu mbele na ukungu nyuma, na kila upatu uliponyamaza palisikika kitu kikitambaa kwenye mianzi sambamba nao, hakitangulii wala hakibaki, na Pi-yun alimkazia macho mumewe mgongoni kisha mzee begani, akijaribu kutolifikiria lile alilokuwa akilifikiria, kwamba hajui kwa hakika kama hawa ndio walioingia naye humu, wala wao hawamjui yeye, mpaka ukungu ulipopasuka kidogo na wote watatu wakasimama.

Reli iliishia hewani. Juu ya taruma la mwisho alikuwa ameketi A-Hao, miguu inaning'inia juu ya bonde, viatu amevivua na kuvipanga vizuri kando. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Alikuwa anatafuna na kutabasamu, huku akitazama ziwa lililokuwa mbali kule chini.

"Mama," Kun-te aliita taratibu.

A-Hao alimpitishia macho kama anayetazama kioo cha dirisha. Kisha alimwona Pi-yun, na tabasamu likamtoka usoni. Akajisogeza mbele, karibu na ukingo.

"Usinisogelee," alisema, tope likimtoka pembeni mwa midomo. "Umeshanileta. Unataka nini tena?"

"Mama, si mimi niliyekuleta."

"Ni wewe. Umekuja kwenye kabichi. Umeniambia, Mama usiende Luodong, mimi sizijui njia kama wewe, njoo unifundishe." Sauti yake ilikatika. "Umenishika mkono. Nikafurahi, mimi mjinga. Kisha mkono wako ukawa wa maji."

Maneno yale Pi-yun hakuwahi kuyasema, na sasa alijua kwamba mama mkwe wake aliyangoja miaka yote.

Huo-wang alimsogelea sikioni. "Mimi siwezi kumfikia, na mwanawe yeye hamwoni. Ni wewe. Mwambie kitu ambacho lile haliwezi kumwambia."

Neno la kwanza lililomjia Pi-yun lilikuwa la upole. Alitaka kusema, Mama, nisamehe, rudi nyumbani, nakuhitaji. Alifungua mdomo, akauona uso wa A-Hao ukianza kuogopa kabla hata hajatamka, akaelewa kwamba maneno yote mazuri yameshatumika.

"Kabichi umezibananisha tena," alisema.

A-Hao aliacha kutafuna.

"Kila mwaka nakwambia uziachie nafasi. Mvua ikija zitaoza zote, na utasema ni mimi niliyemwaga maji ya sabuni."

"Nani kazibananisha?"

"Wewe. Na magugu uliyosema umeyang'oa, nusu umeyaacha."

"We mtoto." A-Hao alitema tope ili apate nafasi ya kusema. "Wewe wa kunifundisha mimi kabichi? Figili tu hujui kumenya. Unatupa nusu."

"Natupa iliyooza. Wewe ungetulisha."

"Nimemlisha mumeo mpaka akawa mtu mzima, na supu yako ile ya maji ya kuogea..."

Waligombana hivyo juu ya bonde, na kwa kila tusi Pi-yun alisogea taruma moja. Alikuwa karibu kumfikia wakati sauti ilipotoka kwenye ukungu nyuma ya A-Hao, mahali ambapo hapakuwa na ardhi ya kusimama. Ilikuwa sauti ya Pi-yun mwenyewe, laini, yenye mapenzi.

"Mama, usimsikilize huyo. Hakupendi. Njoo."

A-Hao aligeuza kichwa. Pi-yun akajirusha, akaukamata mkanda wake wa kiunoni kwa mikono miwili, na papo hapo Huo-wang akawasha fataki zote, na upatu ukalia bila kukoma, na katika moshi ule Kun-te akawavuta wote wawili kwa nguvu mpaka wakaanguka juu ya mawe. Kitu kililia bondeni kama mtoto aliyenyang'anywa mdoli. Kisha pakawa na upepo tu.

Nyumbani Huo-wang alilifunika bakuli la mchele kwa shati la A-Hao, akachoma vijiti vya udi, akasimama getini akiiita roho ya bibi irudi, pole pole, kama anayeita kuku wakati wa kufunga banda. Alibandika karatasi za njano zenye maandishi mekundu getini na kwenye milango yote. A-Hao alitapika kutwa nzima, kisha akalala, kisha akaamka na kuuliza nani amekunja blanketi vibaya hivi.

"Humu ndani limetoka," Huo-wang alimwambia Pi-yun alipokuwa anafunga upatu wake kwenye kitambaa. "Mlimani ni kwao. Mtu siwezi kumfukuza kwao. Na nyuso zenu limeshazishika."

Habari za Luodong hazikutajwa tena. A-Hao alirudi mezani, kiti kando ya kiti cha Pi-yun, na wageni wakachaguliwa njia na watu wawili wasiokubaliana hata juu ya mawingu. Mmoja akisema maporomoko, mwingine alisema kwa viatu hivyo, atavunjika. Kisha walitoka nao wote wawili mpaka nje ya geti, wakisimama pamoja mahali panapoonekana, na hawakurudi mpaka mgeni apotee machoni kwenye njia aliyopewa. Wageni wengi waliondoka wakisikitika kwamba katika nyumba nzuri namna ile mama na mkwe hawapendani.

Majira ya baridi A-Hao aliugua kifua. Pi-yun alimkalia mchana, mvua ikinyesha ziwani, chumba kikinuka mafuta ya kuchua. Alikuwa anamrekebishia mto pale bibi alipomshika kifundo cha mkono.

"Pi-yun," alisema kwa sauti ndogo. "Ahsante kwa kunifuata kule."

Pi-yun alitazama sakafu chini ya kitanda, ilikuwa kavu. Alivuta pumzi, mafuta ya kuchua tu. Alitega sikio, akasikia mvua na kifua cha mgonjwa. Mkono uliomshika ulikuwa na homa, wa moto, wa mtu. Ni yeye. Machozi yakamjaa, na jibu likamjia lote kwa pamoja, jibu la upole, aliloliweka tangu siku ile relini.

Lakini alipoinua macho aliona kwamba A-Hao naye alikuwa anamtazama. Alikuwa ameacha kupumua. Alikuwa anamchunguza usoni, anangoja kusikia atajibiwa nini, na katika macho yake ya kizee mlikuwa na hofu ileile.

"Lala huko," Pi-yun alisema. "Unamaliza pumzi kwa maneno ya bure."

A-Hao alishusha pumzi ndefu, akafumba macho, akauachia mkono wake.